Fundi Zacharie na Nyumba ya Kuzalia ya Kabondo

Tonton Zacharie, mjomba wangu, alikuwa kaka mkubwa wa mama yangu. Watu wa Kabondo, mtaa wetu, walimwita Fundi, kwa sababu kuta nyingi za avenyu yetu zilitoka mikononi mwake. Alizaliwa kando ya maporomoko, katika ukoo wa wavuvi wanaotega migono mikubwa kati ya miti iliyosimamishwa kwenye maji yanayonguruma. Mto ulimchukua baba yake akingali mdogo, na nyanya yangu akaapa kwamba mtoto huyu hatakanyaga mtumbwi. Akampeleka misheni. Huko alijifunza kusoma, kuomba na kupanga matofali, na mambo hayo matatu hayakumwacha mpaka kufa.

Alimwoa Berthe, binti wa Yanonge, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Wakazaa watoto kadhaa, akabaki mmoja tu, Viviane. Kanisa letu la matofali mekundu alilijenga tonton pamoja na ndugu wengine, jioni baada ya kazi, bila kulipwa. Wakamfanya shemasi. Sauti yake ilikuwa ndogo, hakugusa lotoko wala pombe nyingine, hakugombana na mtu. Ukimwona Jumapili akipitisha sahani za mkate katika suruali yake nyeupe, ungedhani hakuna kitu duniani kinachoweza kumfadhaisha.

Mwaka 1956 wazee wa avenyu walikuja kwake. Mkuu wa sité, yaani mitaa yetu watu weusi, alikuwa anatafuta mtu wa upande wetu aingie katika baraza lake. Mimi na mama tulikuwa pale, tukipondaponda ndizi za lituma uani pamoja na Mama Berthe, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Papa Zacharie," mmoja alisema, "batu yote banataja jina yako. Weye hauna maneno na mutu."

"Aksanti, bandugu. Lakini mie niko mutu ya Kanisa. Mambo ya serikali iko ya dunia. Mutafute mwingine."

"Mwingine nani?"

"Mungu atawaonyesha."

Waliondoka vichwa chini. Jumapili iliyofuata Pasteur Urbain alimsifu mbele ya watu wote bila kutaja jina lake: yuko ndugu hapa, alisema, aliyeonyeshwa heshima ya dunia akageuza uso. Tonton aliinamisha kichwa, na nakumbuka Viviane alimtazama kwa fahari.

Kiti kile kikamwendea Édouard, mwenye baa ya kona. Édouard hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchangamfu, mkarimu, mwenye marafiki kila kituo cha mto kuanzia kwetu hadi Isangi. Alikubali kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka, na kwa sababu kofia ya baraza ilimpendeza. Kazi moja ya kiti hicho ilikuwa kutunza muhuri wa ruhusa za usiku. Siku zile, baada ya saa tatu usiku, mtu mweusi hakuruhusiwa kupita mji wa wazungu bila karatasi yenye muhuri. Na hospitali yetu ilikuwa ng'ambo ya mji wa wazungu.

Mwaka uliofuata Viviane alipata mimba ya kwanza. Mume wake Nicolas alikuwa dereva wa malori, kijana mpole. Uchungu ulimshika Viviane jioni moja ya mvua. Mama Zaina, jirani yetu Mwislamu aliyekuwa amezalisha nusu ya watoto wa avenyu, alikuja na beseni lake. Alipomaliza kumpapasa tumbo alitoka nje, akamvuta tonton kando.

"Papa, mutoto amelala vibaya. Hii haiko ya mikono yangu. Mumupeleke hospitali, sasa."

Nicolas alikimbia kwa Édouard kutafuta ruhusa. Mlango ulikuwa na kufuli. Mlinzi wa baa akasema patroni alishuka Yanonge kwa arusi, na muhuri ulikuwa ndani ya mfuko wake wa koti, kama kawaida. Wakaenda kwa mkuu wa sité, wakaambiwa amelala, asiamshwe. Tonton akaenda kwa Pasteur Urbain. Wakapiga magoti wote wawili na kuomba. Halafu wanaume wakambeba Viviane juu ya kitanda, wakamfunika kwa turubai, wakaelekea kwenye kizuizi cha polisi.

Askari aliyekuwa zamu alikuwa mweusi kama sisi. Alimulika taa usoni mwa Viviane, akaizima upesi.

"Papa, nakuomba," alisema. "Mie pia niko na batoto. Nikiwaachia bila karatasi, kesho mimi ni wa jela. Munipe karatasi tu."

"Karatasi iko Yanonge," tonton akajibu.

Wakakiweka kitanda chini barabarani. Mama Berthe alishikilia turubai ili maji yasimwingie mwanawe machoni. Tonton aliomba kwa sauti, kisha akaomba kimya, kisha akaacha. Kulipopambazuka kizuizi kilifunguliwa, na yule askari mwenyewe akasaidia kubeba. Lakini Viviane alikuwa ameshakata roho, na mtoto tumboni pamoja naye.

Kwenye mazishi Pasteur Urbain alisema kwamba haya ni mapenzi ya Mungu, na sisi ni wa kunyamaza. Mama Berthe alikuwa ameketi chini, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Aliinua uso.

"Pasteur, Mungu haikwenda arusi ya Yanonge."

Nilisikia mtu nyuma yangu akianza kulia upya.

Siku chache baadaye Édouard alikuja. Hakuvaa kofia. Alikataa kiti, akakaa kwenye udongo wa uani, mtu mnene kama yule, akalia mpaka shati likalowa kifuani.

"Papa Zacharie, unipige ukitaka. Unilaani. Lakini nitakuambia kitu moja. Mie sikuomba ile kiti. Niko mutu ya bière na muziki. Balikuja kwangu kwa sababu weye ulikataa. Weye haungeenda na muhuri kwa arusi. Batu yote banajua."

Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwake. Tonton alisimama, akaingia ndani, akalala kitandani akiwa amevaa viatu. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakufanya kazi. Saruji aliyokuwa amenunua kwa ajili ya ukuta wa mtu iliganda ndani ya mifuko. Nicolas alirudi kwao, hatukumwona tena. Mama Berthe alipika, akafua, akaenda sokoni, lakini kile kicheko chake kilikatika. Mezani walikaa wawili kama abiria wasiojuana.

Mwaka 1958 ikatangazwa kwamba wanaume wa komini zetu, yaani serikali za mitaa, watachagua washauri wao wenyewe. Jioni hiyohiyo tonton alivaa koti lake la Jumapili, akaenda kwa Pasteur Urbain. Mimi nilifuatana naye kupeleka maharagwe ya mke wa pasteur, na nilikuwa jikoni wakati wakizungumza barazani.

"Pasteur, nataka kuingia."

"Kuingia wapi?"

"Kwa komini. Nitasimama."

Pasteur Urbain alikuwa mtu mwembamba, mwenye kikohozi, na watu waliomwona mkali hawakujua habari zake. Kaka yake alipelekwa uhamishoni na serikali kwa kosa la kufuata Kitawala, dini iliyokatazwa, akafia huko mbali, na mama yao hakuwahi kuonyeshwa kaburi.

"Zacharie," alisema, "kaka yangu pia alianza na neno ya Mungu, akamaliza na neno ya serikali. Unajua alimaliza wapi. Nimelinda hii Kanisa miaka yote kwa kuiweka mbali na bureau ya wazungu. Weye unataka kufungua mlango."

"Tulipiga magoti pamoja, weye na mie," tonton akasema. "Tuliomba Mungu afungue njia. Basi, nimefikiri sana. Njia ilikuwa imefunguliwa mwaka moja mbele ya ile usiku. Balikuja kwangu nyumbani kuniletea ufunguo, nikawarudisha. Halafu ninamuomba Mungu avunje mlango?"

"Unajilaumu bure."

"Hapana. Sijilaumu bure. Mutu ya Kanisa akikataa kila kazi ya mji, mji hautakaa bila mutu. Utakaa na mutu mwingine. Na majirani yangu, hata Mama Zaina asiyeomba kwetu, watalala chini ya ule mutu mwingine. Upendo gani ule, Pasteur?"

Pasteur alikohoa. "Ukisimama, halmashauri ya Kanisa itakuondoa kwa meza ya Bwana. Mie sitaweza kuwazuia."

"Sitaki uwazuie," tonton alisema. "Nataka uniambie kama weye mwenyewe unaona nakosa."

Pasteur aliinuka, akachukua taa, akatusindikiza hadi njiani.

Walimwondoa kweli. Jumapili moja kabla ya uchaguzi jina lake lilisomwa, na suruali nyeupe ya ushemasi ikakunjwa na kuwekwa sandukuni. Wakati wa mkate alitoka nje, akasimama karibu na ukuta wa upande, ule alioupanga mwenyewe, akasubiri mpaka wimbo wa mwisho. Mama Berthe alibaki ndani na akashiriki. Sikujua moyoni mwake alikuwa upande wa nani.

Wanaume wa Kabondo walimchagua. Kitu cha kwanza alichosema ndani ya ukumbi wa komini ni kwamba ruhusa za usiku zipatikane kila avenyu, kwa watu wanaolala nyumbani. Washauri wenzake wakakubali haraka, wakashangaa wenyewe kwa nini hawakufanya hivyo zamani. Muhuri wa avenyu yetu ulikaa kwake, na kuanzia hapo tonton hakulala nje ya Kabondo hata mara moja. Hata mdogo wake alipofiwa huko Isangi, hakwenda. Watu walimsema kwa hilo. Alivumilia.

Kitu cha pili kilikuwa nyumba ya kuzalia. Alitaka chumba cha kuzalia papa hapa Kabondo, na mkunga anayelala papo, mwanamke asilazimike kuvuka kizuizi chochote. Jambo hili lilichukua miezi. Mzungu wa kazi za ujenzi alisema hakuna fedha. Washauri wengine walitaka kwanza lami, wengine taa za barabarani. Tonton, mwenye sauti ndogo, alisimama kila kikao na kurudia maneno yaleyale mpaka wakachoka. Komini ikatoa kiwanja, saruji na mabati. Mikono, alisema, atatafuta mwenyewe.

Tukachoma matofali kando ya mto Tshopo. Mama Zaina alileta wanawake wa msikitini wakabeba maji. Édouard alileta gari la mkono na hakuleta pombe. Baadhi ya ndugu wa Kanisa walikuja pia, lakini jioni, wakiwa wamevaa nguo za shamba, na walipomwona mke wa mzee wa halmashauri akipita walijificha nyuma ya rundo la mchanga. Tonton alicheka kidogo siku ile. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu Viviane.

Mama Berthe hakufika kiwanjani. Alituma chakula tu, pondu ya majani ya muhogo na samaki, kwa mkono wangu.

"Mama Berthe, hautaki kuona?" nilimwuliza.

"Nitaona nini? Nyumba ambayo mutoto wangu hakuipata?"

Kuta zilikuwa zimefika kwenye madirisha mwezi wa kumi mwaka 1959 ulipoingia. Kila mtu wa rika langu anajua jinsi mji wetu ulivyochafuka mwezi ule. Mikutano ya uhuru, vumbi, nyimbo, halafu risasi, halafu vilio kutoka mtaa wa Mangobo mpaka kwetu. Siku ya pili vijana walikuja na mikokoteni kwenye kiwanja. Walitaka matofali ya kufunga barabara ili magari ya askari yasipite.

Tonton alisimama mbele ya rundo.

"Batoto yangu, hii iko ya bamama yenu."

"Papa, uhuru kwanza! Nyumba baadaye!"

"Uhuru niko nautaka sawa na ninyi. Lakini mwanamuke hawezi kusubiri uhuru na mutoto tumboni. Chukueni mbao, chukueni mapipa. Matofali hapana."

Mmoja akapiga kelele kwamba mzee huyu ni mbwa wa wazungu. Mwingine akamwambia nyamaza, huyu ni Fundi. Wakati wakibishana hivyo gari la askari lilitokea kona. Vijana wakatawanyika kama kuku. Tonton hakukimbia, sijui kama alidhani kofia ya ushauri itamlinda, au alichoka tu. Askari walimkuta amesimama peke yake mbele ya matofali, mikokoteni iliyoachwa imefunga nusu ya barabara, wakasema huyu ndiye kiongozi. Aliinua mkono wa kulia ili aeleze. Askari akaupiga kwa kitako cha bunduki. Nilisikia mfupa ukivunjika nikiwa nyuma ya ua wa Mama Zaina, na mpaka leo sipendi sauti ya kuni zinazokatwa.

Alikaa jela wiki kadhaa. Walipomwachia, mkono ulikuwa umeungana vibaya, vidole vimekunjika kuelekea kiganjani, havishiki mwiko wala kijiko. Kifua kilijaa kikohozi cha sakafu ya saruji. Huku nje matofali yaliyobaki yalikwisha kuchukuliwa; mengine na waliofunga barabara, mengine na watu tuliowajua vizuri, kwa ajili ya jiko na choo, na kuta zikabaki palepale kwenye madirisha. Mwezi wa kumi na mbili ulifanyika uchaguzi mwingine. Vyama vilikuwa na bendera na magari yenye vipaza sauti. Hakuna aliyemtaja tonton. Kwa wengine alikuwa mtu wa wazungu, kwa wengine mtu wa fujo, na kwa Kanisa lake alikuwa mtu wa dunia.

Ndipo Pasteur Urbain alipokuja nyumbani. Alikaa, akautazama ule mkono, akageuza macho.

"Halmashauri imekuonea huruma," alisema. "Noeli inakaribia. Urudi kwa meza. Utasimama mbele ya watu useme kwamba ulikosa kuingia mambo ya siasa, na tutakupokea kwa furaha. Ni maneno kidogo tu, ndugu yangu."

"Nitasimama," tonton akajibu.

Kanisa lilijaa Jumapili ile. Tonton alivaa koti lake, likamning'inia mabegani kama la mtu mwingine. Mama Berthe alikuwa safu ya wanawake, mimi ubavuni mwake. Alipoitwa alitembea polepole hadi mbele, akashika meza kwa mkono wa kushoto.

"Bandugu," alisema, na ilitubidi tuache hata kupepea ili tumsikie. "Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yenu. Mwaka ule balikuja kunitafuta kwa baraza, nikakataa, nikajiona mutakatifu. Ninaomba musamaha kwa ile. Kwa kuingia komini siwezi kuomba musamaha. Nikisema nilikosa, nitakuwa nasema uongo hapa, kwa meza yake. Sikuingia kwa kutafuta ukubwa. Niliingia kwa sababu Bwana wetu alipomwona mugonjwa barabarani hakusema ile ni kazi ya serikali. Basi. Hakuna kingine."

Wazee wa halmashauri waliinama kunong'onezana. Pasteur Urbain alisimama na sahani mkononi, akawageukia wazee. Mzee mmoja akatikisa kichwa. Tonton akaelewa. Akashuka, akapita katikati ya mabenchi, akatoka.

Sahani ilipofika kwetu Mama Berthe aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaipitisha kwa mwenzake bila kuchukua, akanyanyuka, akasonga mbele ya magoti ya wanawake, akamfuata mumewe. Nilipotoka baadaye niliwakuta chini ya ukuta wa upande. Alikuwa amemfungia tonton skafu yake mwenyewe shingoni kwa sababu ya upepo, naye tonton alikuwa akilia kama mtoto, bila kujificha. Sikuwasogelea.

Hakufika mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata. Kikohozi kiligeuka damu. Siku zake za mwisho Mama Berthe alimlisha kwa kijiko, na walizungumza sana, mambo ya zamani, Yanonge, arusi yao, kwa sauti za chini ambazo hatukuruhusiwa kuzisikia. Alikufa asubuhi, baada ya kuuliza kama mke wa jirani ameshajifungua. Alikuwa bado.

Halmashauri iliamuru kengele isipigwe, na jeneza lisiingie kanisani. Tukampeleka moja kwa moja makaburini. Walikuja watu wengi kuliko tulivyotegemea: wanawake wa msikitini, Édouard na wenzake wa baa, wachuuzi wa soko, hata vijana wawili watatu wa mwezi wa kumi ambao hawakututazama machoni. Ndugu wa Kanisa walisimama mbali kidogo, karibu na njia, tayari kuondoka.

Pasteur Urbain alikuja peke yake, kwa baiskeli, bila joho. Aliilaza baiskeli kwenye majani, akapita katikati ya watu mpaka ukingoni mwa kaburi. Akavua kofia. Akaanza kuomba kwa sauti ya chini sana, macho chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na nyumba ya pili.

Mama Berthe alimwacha aseme kidogo. Halafu akamgusa mkono.

"Pasteur," alisema, "sema kwa sauti. Batu ya nyuma hawasikii."

Pasteur akamtazama. Akawatazama wale waliokuwa karibu na njia. Akakohoa, akasafisha koo, akaanza tena maombi kutoka mwanzo, kwa sauti, akilitaja jina la Zacharie.